Tunachokiogopa sisi wa wodini

Siku hizi kila anayejua ninafanya kazi hospitali ananiuliza swali lilelile: "Sista, hii homa ya mafua si mnaipata na nyie? Hamuogopi?" Ameniuliza jirani, ameniuliza konda wa daladala alipoona sare yangu, na mama mkwe ameniuliza zaidi ya mara moja. Huwa najibu juu juu kwamba tumezoea. Leo niko ofu, nataka nijibu kwa kituo.

Tunaogopa, ndiyo. Kuumwa kwenyewe siyo hofu kubwa. Wengi wetu tuna nguvu, homa itatulaza siku kadhaa na tutainuka. Kinachotukosesha usingizi ni wazo la kwamba sisi wenyewe tunaweza kuwa wasambazaji. Mtu kaletwa kwa mguu uliovunjika, anarudi nyumbani na mafua makali aliyoambukizwa na muuguzi. Mama kajifungua salama alfajiri, na kichanga chake kinabebwa na mikono ya mtu mwenye homa.

Na virusi vya influenza, ndivyo vinavyoleta homa hii, vina hila. Vikiingia mwilini dalili hutokea baada ya siku 1 hadi 4, lakini mtu huanza kuambukiza kama siku moja kabla hajajisikia chochote. Akishaugua, huambukiza kwa siku 5 hadi 7, na watoto wadogo na wenye kinga dhaifu huenda zaidi ya hapo. Kwa hiyo hata yule mwenzetu anayecheka na wagonjwa akiwa mzima kabisa, huenda tayari anavyo. Hilo hatuwezi kulizuia lote. Lakini yule ambaye tayari anatetemeka kwa homa na bado anashika zamu, huyo tunaweza kabisa kumzuia, na hatumzuii.

Nitalirudia hilo. Kwanza nieleze hali ilivyo pale mapokezi.

Saa moja na nusu asubuhi benchi limeshajaa, waliokosa nafasi wameegemea ukuta, wengine wamechuchumaa. Kikohozi kinaanza upande huu kinajibiwa upande ule. Akina mama wanajifunika pua kwa ncha ya kanga. Juzi alikuwapo bibi mmoja kutoka Mbagala na mjukuu wa miaka mitatu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanivuta mkono: "Mwanangu, hii malaria tu. Mpime, nipe dawa niwahi gari." Tukampima mtoto kwa kipimo cha haraka, ukatoka mstari mmoja tu, hana malaria. Bibi akakiangalia kile kipimo, akaniangalia mimi, hakuridhika. Simlaumu. Mji huu umelelewa kwa kuamini kila homa ni malaria, na kwa miaka mingi kuamini hivyo kuliokoa watu.

Nikamfunua mtoto shati nikaanza kuhesabu pumzi. Kazi hii haitaki haraka: dakika nzima, mtoto ametulia mapajani, macho yako yako kifuani na kwenye saa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kuliko inavyotakiwa. Chini ya mwaka, kuanzia miezi miwili, mpaka ni 50. Huyu alivuka 40, na sehemu ya chini ya kifua ilikuwa inabonyea ndani kila akivuta hewa. Mafua yalikuwa yamefungua mlango, nimonia ikaingia. Bibi alipoona tunaandaa mtungi wa oksijeni alikaa chini kimya, akaanza kumsomea dua. Namshukuru Mungu mtoto aliitikia matibabu na bibi yuko naye wodini, sasa ananiita "mwanangu" kwa sauti nyingine kabisa.

Wale wengine wa benchini wengi walikuwa na mafua ya kawaida ya msimu: homa ya ghafla, mwili kuuma kama umepigwa, kichwa, koo, uchovu. Hao wanahitaji kupumzika, maji ya kutosha na dawa ya kushusha homa. Wanachoomba ni sindano, au vidonge vya antibayotiki walivyoambiwa na mtu wa duka la dawa. Antibayotiki haigusi kirusi. Kuna dawa inayokipunguza makali, oseltamiviri, lakini inafaa zaidi ikianza ndani ya saa 48 za mwanzo, na watu wetu hufika siku ya nne au ya tano, baada ya nyungu, tangawizi, na madukani kwote. Nyungu siigombi, mtu mzima akijisikia nafuu kwa mvuke ni sawa. Ninachogomba ni kumfunika mtoto shuka juu ya sufuria la maji ya moto. Wodi za majeraha ya moto zinajua kwa nini.

Mwisho wa siku unajaza MTUHA, vile vitabu vya taarifa za huduma za afya, kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje. Wale wote wa benchini wanaingia kama maambukizi ya njia ya juu ya hewa, mstari kwa mstari. Ni kirusi gani kitabu hakisemi. Sampuli za kupimwa kweli huchukuliwa kwa wagonjwa wachache kwenye vituo vilivyoteuliwa na kupelekwa Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii. Kwa nchi nzima huo ni utaratibu mzuri, tena wa lazima, lakini wewe uliyeko mapokezi unabaki kuusoma ugonjwa kwa urefu wa benchi.

Sasa lile jambo langu.

Mwenzetu mmoja aliingia zamu ya usiku wiki hii macho mekundu, sauti imekauka, Panadol mbili tumboni. Nilipokuwa namkabidhi wodi nilimgusa mkono, ulikuwa unaunguza. Nikamwambia, "Dada, rudi nyumbani ukaombe ED," yaani ruhusa ya kupumzika kwa ugonjwa. Akanijibu, "Nikienda, nani atashika wodi? Tuko wawili tu usiku huu." Na alikuwa anasema kweli. Wodi ile ina wagonjwa waliolala mpaka chini. Akavaa barakoa, akafunga aproni, akaanza kugawa dawa. Asubuhi kwenye ripoti alisifiwa mbele ya wote: anajituma, igeni mfano.

Nampenda dada huyu na najua moyo wake. Lakini sifa ile ilinichoma. Tulikuwa tunasifia kitu ambacho kazi yetu ni kukizuia. Panadol inashusha joto, haimzuii mtu kuambukiza. Barakoa ya kawaida inapunguza, haifuti, na ikishalowa kwa kikohozi cha usiku kucha haina msaada mkubwa. Virusi hivi hukaa kwenye chuma na plastiki hadi siku moja au mbili: reli ya kitanda, mpini wa mlango, kile kifaa cha kubana kidole kupima oksijeni, ambacho usiku ule kilipita kidole baada ya kidole.

Kibaya zaidi ni nani wamelala kwenye vitanda vile. Wazee. Wenye kisukari, pumu, moyo. Watoto wa selimundu. Wanaoishi na VVU ambao dawa zao zilikatika. Na wajawazito, hawa hasa, kwa sababu mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Juni kwamba H1N1, aina mpya ya influenza, imekuwa janga la dunia, moja ya mambo yaliyoonekana nchi baada ya nchi ni jinsi wajawazito wenye afya njema walivyozidiwa ghafla. Wanawake vijana, si vikongwe. Kila nikipita wodi ya wazazi nalikumbuka hilo.

Kuhusu chanjo: ipo. Shirika la Afya Duniani linataka wahudumu wa afya wawe miongoni mwa wa kwanza kuipata, na kila mwaka linatoa mapendekezo mara mbili ya aina za virusi za kuwekwa ndani yake, maana virusi hivi hubadilika. Kinga yake huchukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo ukiisubiri mpaka benchi lijae umeshachelewa. Kwetu haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo. Anayeitaka huenda hospitali binafsi akalipia. Muuguzi mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto hatalipia, na sioni kwa nini alazimike. Hii ni kinga ya kazi, kama glovu.

Nyumbani nina mama mkwe mwenye kisukari na mtoto wa chekechea anayenikimbilia mlangoni. Nimemfundisha asubiri. Napitia uani, navua sare, naiweka kwenye ndoo ya sabuni, naoga, ndipo namkumbatia. Mama mkwe aliona ni madaha mwanzoni. Siku hizi yeye ndiye anayemshika mtoto mkono na kumwambia, "Muache mama yako anawe kwanza."

Kituoni tayari tumepata kitu kimoja. Mganga mfawidhi amekubali wenye kikohozi wakae nje chini ya turubai, kwenye upepo, na kila mmoja apewe barakoa anapoandikishwa. Tofauti inaonekana, hata mapokezi panapumulika. Jumatatu kuna kikao, na nimeomba nafasi ya kuzungumza. Nitaomba orodha ya watu wa akiba kwa kila zamu, ili mwenye homa apewe ED bila kuogopa kwamba amemtelekeza mwenzake. Nitaomba kituo kiandike barua kwa halmashauri kuhusu chanjo ya watumishi. Jina langu liwe la kwanza kwenye orodha ya akiba, zamu za usiku zikiwemo. Nimeshaongea na wenzangu wawili, na wao wanaandikisha yao.