Wavu wa uani

Leo koo wetu, yaani kuku jike, ametimiza siku 17 akiatamia. Ana mayai 11 ndani ya karai kuukuu lililotandikwa nyasi kavu, nyuma ya jiko la nje. Watoto wamekatazwa kukimbia upande ule, na hata mimi nikienda kuchota maji nanyata. Nimeona niandike kabla hayajaanguliwa. Yakishaanguliwa najua nitaandika furaha tu, nami nataka wale tuliowapoteza nao wawe na mahali pao hapa.

Tulianza mwezi wa sita. Tunaishi Mishomoroni, nyumba yenye ua mdogo na mwembe mmoja, na mume wangu ndiye aliyesema watoto wale mayai ya nyumbani. Jambo hilo nililidaka kwa pupa. Nilinunua vifaranga 20 wa siku moja, kienyeji walioboreshwa, nikawaweka kwenye karatoni juu ya maranda niliyoomba kwa seremala, balbu ikining'inia juu yao. Kifaranga asiye na mama, wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Nikajiambia, kwa joto la Mombasa hii, kazi gani hiyo? Nilisahau kwamba mwezi wa sita ni kusi, na alfajiri hewa yetu hushuka hadi nyuzi 22 hivi.

Usiku wa nne stima ikapotea, na sote tulikuwa tumelala. Nilipoamka kuswali alfajiri niliwakuta wamejazana pembe moja, wamepandana, na chini kabisa watano wamekufa. Vifaranga wakipata baridi hulaliana, na wa chini hukosa pumzi. Binti yangu ana miaka minane. Hakulia. Aliwatoa mmoja mmoja akawalaza juu ya kipande cha leso, miguu upande mmoja, kisha akaniuliza, "Mama, kwani hawakuita?"

Waliita. Hatukuwasikia. Swali lile sijalitua mpaka leo.

Siku ya saba ikawa zamu ya chanjo ya kideri. Hilo sikutaka kulichezea, maana nikiwa mdogo niliona kideri kikipita kijijini kwetu: kuku wanapinda shingo, wanahara kijani, na baada ya siku chache hakusikiki jogoo hata mmoja. Dukani chupa waliyonayo ilikuwa ya dozi 100, nami nina vifaranga 15, na dawa hiyo ikishachanganywa haikai zaidi ya saa mbili. Basi nikawabishia hodi majirani wote wenye kuku. Asubuhi ile ua wangu ulijaa akina mama na makapu yao, dawa imelala kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Mwanangu wa kiume alimshika kila kifaranga kiganjani, kichwa kikichungulia kati ya vidole, mimi nadondosha tone moja jichoni, tunangoja apepese ndipo tumwachie. Hakufa hata mmoja kwa kideri. Jambo hilo najivunia.

Kisha wakaja kunguru, hawa tunaowaita kurabu. Wenyewe si wa hapa. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, wakaenea pwani nzima. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni 1. Mimi zamani niliwaona ni kero ya kelele na kinyesi juu ya nguo zilizoanikwa, basi. Vifaranga walipofika wiki ya tatu nikawatoa uani waote jua. Niliingia ndani kuzima sufuria iliyokuwa ikichemka. Niliporudi, kunguru wawili walikuwa chini na wengine mwembeni, wanapokezana. Vifaranga hawakukimbia. Walisimama tu wakitazama juu, maana hakuna aliyewahi kuwafundisha kwamba kivuli kile ni kifo. Wanne walichukuliwa.

Nikampigia mama simu. Yeye yuko Matuga, ng'ambo ya Likoni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, wewe umenunua watoto, hukununua mama yao."

Jumamosi yake akavuka feri na kikapu cha ukili. Ndani mlikuwa na jogoo mwekundu na koo kishingo, mwenye shingo tupu, aina ambayo hustahimili joto letu. Koo alifungwa kamba mguuni siku tatu. Wajukuu walipomlilia nyanya yao amfungue, akawaambia kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hafungwi kwa kuonewa, anafungwa ili apajue kwake.

Alipofunguliwa nikaanza kuona mambo. Kunguru akipita juu, koo hutoa mlio mfupi wa chini, kama mtu anayejikwaruza kooni, kisha anaganda. Wale wangu 11, waliolelewa na balbu, siku za mwanzo walimkodolea macho tu. Baada ya wiki mbili hivi, mlio ukitoka tu, wote wako chini ya benchi. Mimi mwenyewe nimejikuta nikiusikia nikiwa jikoni nakuna nazi, mkono unasimama juu ya mbuzi. (Machicha wanayapenda kupita kiasi, ila nawapa yale ya leo tu, yakilala huchacha.)

Mume wangu alinunua wavu mkuukuu kwa mvuvi, akautandaza kutoka ukutani hadi kwenye mwembe. Bado una harufu ya bahari. Jioni mwanga unapita kwenye matundu yake na kuku wote wanakuwa na miraba mgongoni.

Mama ameahidi kuvuka tena wakianguliwa, Mungu akipenda siku ya 21. Binti yangu anaamka kila alfajiri bila kuitwa, anachuchumaa mbali kidogo na karai, anasikiliza. Nimemwambia bado, sauti za ndani ya ganda husikika siku moja au mbili kabla. Anasikiliza vilevile.

Asubuhi hii nimeukagua wavu. Karibu na tawi la mwembe pana tundu ngumi inapita. Uzi ninao, nitalishona leo kabla jua halijatua.