Changarawe ilivyonirudisha hadi mwaka 1785

Nilipohamia shamba dogo kusini mwa Minnesota, barabara ya mbele ya nyumba ilikuwa mashimo matupu. Nikaenda ofisi ya mji. "Huko si kwetu." Nikaenda ya kaunti. "Hiyo ni ya taunishipu." Mimi nilidhani taunishipu ni jina tu la kwenye ramani.

Jirani yangu, mzee anayelima mahindi na soya, akanichorea taunishipu juu ya boksi: mraba wa maili 6 kwa 6, ndani yake vipande 36, kila kimoja ekari 640. Namba zinaanza kona ya kaskazini-mashariki, zinakwenda magharibi, zinageuka na kurudi, kama ng'ombe wa plau. Upimaji wa miraba hiyo ulipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1785, ilhali Minnesota ilikuja kuwa jimbo mwaka 1858. Kipande cha 16 kilitengwa kwa ajili ya shule, na Minnesota ikaongezewa cha 36. Mzee hakugusia, nikaja kusoma mwenyewe, kwamba ardhi hii ilikuwa ya Wadakota. Ilichukuliwa kwa mikataba ya mwaka 1851, ndipo wapima wakaingia na minyororo yao ya futi 66.

Ila mraba wa wapima si serikali. Serikali ya taunishipu ilifuata walowezi walipoongezeka, mara nyingi ndani ya mipaka ileile: bodi ya watu watatu, karani na mweka hazina. Ya kwetu haina hata ofisi. Madaftari yako nyumbani kwa karani, kwenye kabati la chuma, na mama yule akaniruhusu kuyasoma jioni mbili mezani kwake. Humo hamna mashujaa. Kuna daraja la mbao, magugu, ugomvi wa uzio, ng'ombe wazururaji, na wanaume waliolipa kodi ya barabara kwa jembe na siku zao za kazi. Msaragambo kabisa, kazi ya pamoja ya kijiji! Nilicheka peke yangu.

Na humo nikakuta uamuzi wa bodi ya zamani wa kuifungua barabara yangu. Nikaunakili.

Jumanne ya pili ya Machi ndiyo siku ya mkutano mkuu wa mwaka. Uraia nilishapata, kwa hiyo kura ninayo. Tulikuwa watu 14 na birika la kahawa, mwenyekiti wa kikao akachaguliwa papo hapo. Ungedhani ni mkutano mkuu wa kijiji kule Muheza, Tanzania, ila hapa wananchi wenyewe ndio wanaopigia kura kiasi cha kodi ya mwaka. Zamu yangu ilipofika sikulalamika, nilisoma tu ile nakala. Kimya kidogo, kisha mfuko wa barabara ukaongezwa.

Theluji ilipoyeyuka bodi ikapita kukagua, na Juni lori likamwaga changarawe mpaka kwenye daraja. Ng'ambo ya daraja ni taunishipu nyingine, na mashimo yake wanayajua wenyewe.