Kaseti iliyoandikwa USIFUTE

Jumapili mjomba kanipigia simu, njoo uchukue haya makaseti yako kabla sijayachoma moto, maana chumba cha uani anataka kukipaka rangi atafute mpangaji. Chai sikumaliza, nikadandia bodaboda mpaka Ngamiani barabara ya 15, nafika hata shikamoo nimeisema niko njiani kuelekea uani.

Mliokulia Tanga miaka ya 90 mnayakumbuka mabanda ya video, mkeka mbele kwa watoto, mabenchi nyuma, tivii ya inchi 14 juu ya kabati na shuka jeusi dirishani. Mjomba alikuwa nalo moja. Watu walikuja kwa ajili ya Mhindi na karate lakini kabla picha kubwa haijaanza, wakati watu bado wanaingia, mjomba alikuwa anaweka Mind Your Language, ile ya darasa la usiku la Kiingereza kule London, mwalimu Brown na wanafunzi wake Ali, Ranjeet, Juan, Giovanni, na yule mkuu wao Miss Courtney anayefungua mlango muda wote usiotakiwa. Ilitengenezwa na London Weekend Television kuanzia 1977, sisi imetufikia miaka mingi baadaye, nakala ya nakala ya nakala, rangi zimechuja, pembeni chenga tupu, na banda zima lilikuwa linacheka hadi watu wanashikana mabega, hata ambao Kiingereza hawakijui kabisa. Ndipo mapenzi yangu na vichekesho vya zamani vya Waingereza yalipoanzia na hayajapoa hadi leo.

Basi sanduku lilikuwa la majani ya chai, yale ya mbao, ndani kaseti 38 nimezihesabu. Nyingi zimeota ukungu, ukichungulia kwenye kidirisha unauona mweupe kama unga umenyunyiziwa kwenye mkanda. Joto la Tanga na unyevu wa bahari havijui huruma kwa mkanda. Chini kabisa ndo nikaikuta moja yenye lebo ya karatasi ya daftari, kalamu ya bluu, mwandiko wangu mwenyewe wa darasa la nne: MIND YOUR 3 USIFUTE.

Nimeifungua kwa bisibisi, nikaupangusa mkanda taratibu kwa pamba na spiriti, kazi ya saa nzima na zaidi, maana ukivuta kwa nguvu umekunja na ukikunja umeharibu. Nikaiweka kwenye deki. Darasa likatokea, Brown anaingia, anaweka vitabu mezani, nikapata kama dakika nane hivi. Halafu picha ikaruka, mistari ikapita juu chini, mara nasikia tarumbeta. Harusi ya mama mdogo.

Niliumia. Nilikaa pale chini nikaanza kuwafikiria BBC, maana alichofanya mjomba kwa kaseti moja wao walikifanya kwa maelfu.

Wengi hawajui hili. Miaka ya 60 vipindi vilirekodiwa kwenye mikanda mipana ya inchi mbili na mkanda mmoja ulikuwa bei mbaya, kwa hiyo kipindi kikishaonyeshwa kinafutwa mkanda urudi kazini. Mikataba na chama cha waigizaji ilikuwa inabana marudio, kaseti za kuuza majumbani hazikuwepo, na rangi ilipoingia, BBC2 mwaka 1967 na BBC1 mwaka 1969, picha nyeusi na nyeupe ikaonekana haina soko tena. Hali iliendelea hivyo mpaka mwisho mwisho wa miaka ya 70. Yaani kazi ambazo taifa zima lilikaa sebuleni kuzicheka zilifutwa na mtu aliyekuwa anatimiza wajibu wake.

Zilizopona zimepona kwa njia ambazo mpaka leo nikizisoma nywele zinasimama. Chukua Dad's Army, ile ya wazee wa mgambo wa mji mdogo wa pwani wakati wa vita na Hitler, ilidumu 1968 hadi 1977, episodi 80. Msimu wa pili wa 1969 ulikuwa na episodi sita na tano kati yake hazikuwepo maktaba. Mwaka 2001 zikarudi mbili! Kumbe makopo ya filamu yalikuwa yameokolewa kwenye takataka za studio za Elstree, yakaishi miaka na miaka kwenye kibanda cha bustani cha mtu, yakaota kutu. Tatu bado hazijaonekana. Moja kati ya hizo, A Stripe for Frazer, sauti yake peke yake ikapatikana, wakaichorea katuni mwaka 2016, na mwaka 2019 chaneli ya Gold ikaziigiza upya zote tatu kwa waigizaji wapya. Mimi hizo za kuigiza upya naziheshimu ila haziniingii, sura ya Arthur Lowe, yule aliyeigiza kapteni wao, akiwa amekasirika huwezi kuiazima.

Kuna episodi nyingine ya hiyo hiyo Dad's Army, Room at the Bottom, yenyewe ilirekodiwa kwa rangi lakini kilichobaki ni nakala ya filamu nyeusi na nyeupe. Sasa mafundi wakagundua kwamba wakati wa kuhamisha, ile ishara ya rangi ilikuwa imeacha vidoti vidogo vidogo ndani ya picha, watu walikuwa wanaviona kama uchafu tu wa picha, kumbe rangi yenyewe imejificha mle. Wakaandika programu ya kuvisoma vile vidoti na mwaka 2008 BBC wakaionyesha kwa rangi zake. Nimesoma habari hii mara ngapi sijui, kila mara naisimulia nyumbani hadi mke wangu anaimalizia yeye.

Na Afrika tumo. BBC walikuwa wanauza nakala za filamu ya milimita 16 kwa vituo vya televisheni nje, nakala inatoka nchi hii inakwenda nchi ile, mwisho irudishwe au iharibiwe, na zingine hazikufanyiwa lolote kati ya hayo. Kipindi cha wale wachekeshaji wawili, Morecambe na Wise, cha 1968, mwaka wao wa kwanza baada ya kuhamia BBC, kilikutwa kule Afrika Magharibi. Lakini filamu ilikuwa imeoza, imegandana ikawa donge, huwezi kuifungua. Wataalamu wa chuo kikuu cha Queen Mary pale London wakaipiga eksirei, baadaye ikakatwa kwa leza kipande kipande ili picha zilizo ndani zipatikane. Filamu inapooza inanuka siki, ndo dalili yenyewe, ukifungua kopo inakupiga puani. Nikifikiria joto la kule na la kwetu hapa naona miujiza ni kwamba kulibaki donge la kukata. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, lakini Zanzibar wameanza mwanzoni mwa miaka ya 70, na wenye antena ndefu huku pwani walikuwa wanaidaka, kwahiyo mimi kila nikiona sanduku kuukuu kwa mtu naomba ruhusa ya kuchungulia.

Ambayo inaniuma kuliko zote ni Not Only... But Also ya wachekeshaji Peter Cook na Dudley Moore. Cook alipojua vinafutwa aliwaomba BBC, akasema yuko tayari kulipia yeye mwenyewe mikanda mipya ili ile ya zamani iachwe. Wakakataa. Hapo mimi nashindwa kabisa kusamehe. Kufuta kwa sababu hujui thamani, sawa, binadamu. Ila mwenye kazi amekuja mlangoni na hela mkononi!? Tofauti na Steptoe and Son, ile ya mzee na mwanawe wauza vyuma chakavu, ambayo baadhi ya episodi zake za rangi tunazo leo, japo kwa nyeusi na nyeupe, kwa kuwa waandishi Ray Galton na Alan Simpson walikuwa na nakala zao. Wao walitunza wenyewe, ikabaki.

Nimerudi kwa mjomba na ile kaseti mkononi. Nikamuuliza kwa adabu lakini nilikuwa na donge kooni, mjomba, si niliandika usifute? Akaivaa miwani, akaisoma lebo, akakaa kimya.

"Mwanangu, siku ile mpiga video keshafika, duka la kaseti limefungwa, na bibi yako ashasema bila kumbukumbu harusi haianzi. Nikachukua ya juu yake. Lebo sikuitazama."

Tukaiweka tena tuitazame wote. Tarumbeta, ngoma, watu na madera yao, afu kamera ikageuka uani na huyo hapo bibi, kakaa kwenye kigoda anakata halua kwa kisu kikubwa, kila mtoto anayepita anamtilia kipande mdomoni, na sauti yake inasikika kabisa akimwambia mpiga video "usinichukue mie, mchukue biharusi." Alifariki 1999 na sisi picha yake inayotembea hatuna nyingine popote. Mjomba alivua miwani akawa anaifuta na shati, muda mrefu tu.

Tumeiacha iende mpaka mwisho. Harusi iliisha, ikaja buluu tupu kama dakika mbili, tukadhani ndo basi, mara kelele za darasa, Juan kasimama, Brown anamsahihisha, na wanafunzi wote wanajibu kwa pamoja. Dakika nne na sekunde kadhaa. Kesho naipeleka kwa fundi Chumbageni aihamishie kwenye flashi yote, darasa, harusi na darasa, bila kukata popote, na mjomba ameahirisha kupaka rangi mpaka tumalize zile 37.