Bakuli la kangomba

Kwa misimu minne nilifanya kangomba, biashara haramu ya kununua korosho za wakulima kinyemela kwa bei ya chini, hapa Ndanda, Mtwara, na kila Jumapili nilisimama kwenye kwaya, sauti ya nne. Wala sikuona tatizo. Wakati wa kifuku, yaani msimu wa mvua, chakula kikipungua, watu walikuja kukopa. Ikifika Juni walirudi kutafuta hela ya salfa ya kupuliza mikorosho. Niliwapa. Oktoba walinilipa korosho kwa bei niliyoipanga mimi, tena zikipimwa kwa bakuli langu, si kwa mizani. Na bakuli nililijaza mpaka likafanya kichuguu.

Korosho hizo nilikuwa nazipeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kama zangu. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wahakiki wakaanza kuuliza: shamba lako liko wapi? Mimi nina ekari mbili, na magunia yale hayakuwa ya ekari mbili. Nikamwendea bibi mmoja jirani yetu, Mwislamu, ambaye naye alikuwa kwenye daftari langu la madeni, nimwombe aseme amenikodisha shamba lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akanisikiliza hadi mwisho huku akibangua korosho. Kisha akauliza: "Mjukuu wangu, na sadaka huko kanisani mnapimia bakuli hilohilo?"

Akacheka, kama watani wanavyocheka. Mimi sikucheka.

Magunia yale sikuyapeleka kuhakikiwa, hasara ikanila. Nikaenda kuungama. Padre hakunipa rozari za kusali, alinipa malipizi ya neno moja: rudisha. Nikamkumbuka Zakayo na ahadi yake ya kulipa mara nne. Mimi hata mara moja sikuwa nayo!

Daftari lilikuwa na majina kumi na tisa. Niliuza pikipiki, mke wangu akaninunia mwezi mzima (na alikuwa na haki, maana sikumshirikisha). Nikaanza na wajane. Hela ilipokwisha nililipa kwa mikono: nilipalilia, nikapogolea mikorosho, nikapuliza salfa alfajiri kabla upepo haujaamka. Mmoja alikuwa ameshafariki, nikampa binti yake. Kuomba radhi ndiko kulikonishinda zaidi ya jembe, maana wengine hawakuniamini kabisa. Kijiweni wakasema nautaka udiwani.

Siku hizi bado nakopesha, kidogo kidogo, shilingi kwa shilingi. Anayetaka kunilipa korosho tunakwenda naye kwenye mizani, anasoma namba mwenyewe, tunahesabu bei ya mnada. Faida hakuna, na kuna waliokula hela yangu wakanyamaza. Jumuiya yetu ya kanisani waliniomba nitoe ushuhuda, nikakataa. Nitasimamaje mbele ya watu ambao nusu yao wamo kwenye daftari?

Yule bibi sijawahi kumhubiria hata siku moja. Msimu uliopita alimtuma mjukuu wake na gunia, na maneno haya: nimpimie, yeye hana haja ya kuja kuangalia.

Limebaki jina moja. Mwenyewe alihamia Liwale, na nauli nimeshaitenga.