Siku tuliyochora jiko kwa chaki

Kuta zilikuwa zimeshapanda, sakafu imepigwa ila taili bado, na fundi alikuwa anataka jibu ili kesho yake asubuhi aanze kumwaga kaunta, maana zege la kaunta ukishalimwaga ndo umelimwaga, kulibomoa ni hasara na vumbi nyumba nzima. Ramani tulikuwa nayo, chumba cha mita 3 kwa 3.6, mlango mmoja, dirisha moja, sinki, jiko la gesi, friji, vyote vimo na vimechorwa vizuri. Ila mi ile karatasi haikunipa amani. Nikamwambia mume wangu, leo twende na mama, yeye ndo atakayepika humo kuliko sisi wote, na tubebe chaki.

Tulimkuta fundi anasubiri. Akamwamkia mama shikamoo, afu akaanza kulalamika kwamba chumba ni kidogo, tungepanua. Nikamwambia hapana fundi, chumba si kidogo, kinataka kupangwa. Nilikuwa nimesoma habari za yule mbunifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky, mwaka 1926 alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi kule Frankfurt, Ujerumani, upana wake mita 1.9 tu kwa urefu wa mita 3.4, na alijifunza kwenye majiko ya mabehewa ya treni ambako mpishi anageuka tu na kila kitu anakifikia. Majiko kama hayo yakawekwa kwenye nyumba kama 10,000. Sasa mita 3 kwa 3.6 unashindwaje?

Basi tukachora kaunta ya sentimita 60 kwa upana kufuata ukuta kama ramani inavyosema, karai ikawa sinki, ndoo tukaipindua ikawa gesi, mbao mbili tukaziegemeza nyuma ya mlango zikawa friji. Nikasema, mama, hebu pika.

Mama alilichukulia kwa uzito kabisa. Akafungua "friji", akatoa mboga, akavuka chumba kizima mpaka kwenye karai akaziosha, akatafuta pa kuzikatia, akaenda kwenye ndoo, akakumbuka maziwa yako kwenye friji, akavuka tena, na hapo hapo mume wangu akaingia mlangoni na mlango ukamziba yeye na friji yake. Akasimama akasema, "Mwanangu, hapa nitapika au nitatembea?" Fundi mwenyewe akakubali kwamba friji pale haikai.

Kuna kanuni ya pembetatu, ilitokea Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani miaka ya 1940, kwamba friji, sinki na jiko zifanye pembe tatu, kutoka kimoja hadi kingine isipungue mita 1.2 wala isizidi 2.7, na ukijumlisha pande zote upate kati ya mita 4 na 8 hivi. Tukashika futi tukapima, upande wa friji na gesi peke yake ulikuwa unapita mita 3 na nusu. Tukafuta. Friji tukaileta mwanzo wa kaunta ile ile ya sinki, sinki ikabaki chini ya dirisha, kaunta ikakata kona ikawa herufi L, na gesi ikaenda ukuta wa pembeni. Kwenye ramani gesi ilikuwa imebanwa kabisa na dirisha, yaani upepo ukiingia moto unacheza na pazia liko hapo hapo, hilo sikulikubali hata kidogo. Na kila upande wa gesi tukaacha angalau sentimita 40 za kaunta tupu, maana sufuria ya moto ukiiepua lazima iwe na pa kutua sekunde ile ile.

Kilichotuchukua muda ni urefu wa kaunta. Fundi alisema yeye humwaga sentimita 90 kila nyumba. Nikamwomba mama asimame wima akunje mkono, tukapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko, 97. Kaunta inatakiwa iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 mpaka 15, kwa hiyo kwa mama ni 82 hadi 87, ukimwekea 90 anakata mboga mabega yako juu, na huyu ni mtu ambaye mgongo umemsumbua miaka. Tukakubaliana 85. Ila sinki ni jambo lingine, mikono inafanya kazi ndani ya bakuli la sinki, chini ya uso wa kaunta, kwa hiyo sinki ukiiweka sawa na sehemu ya kukatia unaosha vyombo umeinama. Upande wa sinki ukapanda mpaka 90. Fundi akasema kaunta mbili tofauti zitaonekana mbaya. Nikamwambia zinakutana kwenye kona, na pale taili ikipandishwa vizuri itaonekana imekusudiwa, na hivyo ndivyo ilivyo.

Mi napenda jiko zuri, sioni kwa nini mtu achague kati ya uzuri na kazi. Nilitaka rangi mbili tu, nyeupe ukutani na mbao ya rangi ya asili kwenye milango ya makabati, na makabati ya juu yasiguse ukuta wa dirisha ili mwanga wa mchana uingie wote. Mama alitaka rafu za wazi aone vyombo vyake. Tukaziweka upande wa friji, mbali na gesi, maana rafu ya wazi karibu na moto inanata mafuta na vumbi. Makabati ya juu tukayaacha na kina cha sentimita 35 yasimgonge kichwa akiinama, na chini yake taa, kwa sababu taa ya katikati ya dari inakutupia kivuli chako mwenyewe juu ya kisu. Chini tukasema droo kwa wingi, droo unaivuta unaona mpaka mwisho, kabati la chini mama angelazimika kupiga magoti.

Fundi alikuwa ameshaandika vipimo ukutani kwa penseli, yuko kwenye soketi, mbili juu ya kaunta ya kukatia na moja ya friji, zote mbali na sinki, mama akauliza, "Na taka ndoo yake iko wapi?" Tukaangaliana. Fundi akapendekeza nje ya mlango, mama akakataa, akasema maganda yanatoka kwenye ubao wa kukatia basi na ndoo iwe hapo hapo chini yake. Tukatoa sentimita 40 kwenye droo za kona tukampa nafasi yake, fundi akafuta akaandika upya, na kesho yake zege likaanza.