Ruti ya digi kwa watoto: boksi la kandanda linatosha

Katika futiboli ya Marekani, ruti ni njia anayoikimbia mchezaji ili apokee pasi. Digi ni ruti rahisi kuichora, ngumu kuikimbia. Resiva, yaani mdakaji wa pasi, anakwenda mbele moja kwa moja kama anayefuata mpira mrefu, kisha kwenye yadi 10 au 12 anakata kwa nyuzi 90 na kuingia katikati ya uwanja. Pembe ndiyo kila kitu. Akizunguka kama gari kwenye kona, mlinzi aliye nyuma yake anapita njia fupi na kuunyakua mpira.

Viwanja vingi tunavyofanyia mazoezi hapa Uganda vimechorwa kwa ajili ya kandanda, na mistari hiyo inatufaa sana. Mbele ya boksi kubwa ni yadi 18 kutoka golini, mbele ya boksi dogo ni yadi 6. Kati ya mistari hiyo miwili kuna yadi 12 kamili. Mpange resiva kwenye mstari wa boksi kubwa akielekea goli, mkabala na kona ya boksi dogo. Akifika usawa wa kona, anakata na kukimbia juu ya chokaa yenyewe. Mguu ukitoka nje ya mstari kuelekea golini, wenzake wote wanauona. Kwotabeki, mrushaji wa pasi, anasimama nje ya boksi kubwa, nyuma ya mstari wake, katikati mkabala na alama ya penalti, na ana nafasi ya kutosha kurudi nyuma. Usichanganye zoezi hili na ruti ndefu, milingoti iko karibu mno.

Kwa walio chini ya miaka 12 mimi hukata kwenye yadi 8, yaani yadi 2 kupita usawa wa alama ya penalti. Mpira wa yadi 12 kwa mkono mchanga unaelea, na mpira unaoelea katikati ya walinzi ni hatari kwa anayeudaka.

Sasa miguu, ambako makosa mengi huanzia. Mguu wa ndani, ulio upande wa katikati ya uwanja, usimame mbele, wa nje nyuma. Hatua ya kwanza ni ya mguu wa nyuma, hivyo hatua zote za witiri, 1, 3, 5, 7, ni za mguu wa nje, na huo ndio wa kukatia. Mtoto akiinua kwanza mguu wa mbele, hesabu yote inageuka: anafika kwenye mkato na mguu wa ndani, anaongeza hatua moja, na ile hatua ndiyo inayozaa mviringo. Ukiona mkato mbaya, angalia kwanza alivyoondoka. Kila mtoto ahesabu hatua zake mwenyewe, kwa sababu urefu wa miguu unatofautiana sana.

Hatua tatu za mwisho nyonga zishuke, kifua kiwe juu ya magoti, mikono iendelee kupiga. Akisimama wima au akitapatapa kwa vihatua vingi, mlinzi ameshajua. Mguu wa nje ukanyagwe chini ya mwili, uzito ukiwa upande wa ndani wa unyayo, karibu na dole gumba. Kichwa kigeuke papo hapo, macho yatafute mpira kabla ya hatua ya pili.

Waliotoka kwenye raga wana tabia ya kumtazama mwenye mpira tangu mwanzo. Waache watazame kifua cha mlinzi mpaka mkato. Wa kandanda hupenda chenga nyingi. Hapa chenga ni moja tu, ile kasi ya kwenda mbele.

Kwotabeki arudi hatua tano, ajiweke sawa kwa hatua moja, kisha arushe resiva anapotoka kwenye mkato. Alenge kifua, mbele kidogo ya mwendo. Akisubiri amwone yuko huru kabisa, laini beki, mlinzi wa katikati, ameshafika.

Resiva akibanwa na mtu mmoja, akimbie bila kupunguza. Walinzi wakilinda maeneo, apunguze mwendo kwenye pengo kati ya laini beki wawili na kumgeuzia kwotabeki kifua. Mwenzake mmoja awe kwenye yadi 5, karibu zaidi na kwotabeki, ili laini beki asirudi nyuma.

Mvua ya alasiri ikishanyesha, hatua hizo tatu za mwisho ziwe fupi zaidi na kasi ishuke mapema. Pembe ibaki ileile.