Ubishi wa Kijungu

Mwaka 2015 nilikuwa kidato cha tano mjini Mbeya, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na darasa letu lilikuwa limegawanyika kwa ajili ya namba moja: 14. Mwalimu wa fizikia alitueleza kuwa mwaka uliotangulia Jeremy Schnittman, mtafiti wa NASA, alikokotoa kwamba chembe mbili zikigongana karibu kabisa na shimo jeusi, yaani gimba la angani lenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga ukiingia hautoki, linalozunguka kwa kasi ya mwisho, moja inaweza kutoka na nishati karibu mara 14 ya ile waliyoingia nayo zote mbili. Hesabu za mwaka 2012 zilikuwa zimeishia kwenye asilimia 130 hivi, yaani mara 1.3 tu. Schnittman alipiga hesabu ya chembe ambayo tayari imegeuka na kuanza kutoka, ikakutana uso kwa uso na nyingine inayoingia.

Jirani yangu wa dawati alikataa katakata. "Mwalimu, si umetufundisha mwenyewe kwamba nishati haiumbwi?" Nilikuwa upande wake. Nampenda mpaka leo kwa ule ukaidi. Bila yeye tungeinakili ile namba kwenye madaftari tukasonga mbele.

Agosti hiyo shule ilitupeleka Rungwe kuona Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba, kisha Kijungu, pale Mto Kiwira unapojitumbukiza kwenye mwamba uliochimbika kama chungu. Kulikuwa na ukungu na manyunyu, masweta yamelowa. Mwalimu alitusogeza mbali na ukingo, akaokota jani na kulirusha majini.

"Linaweza kusimama pale?" akauliza.

"Haliwezi, Mwalimu. Maji yanalizungusha."

"Basi shimo jeusi linalozunguka linazungusha nafasi yenyewe iliyo kando yake."

Hapo alianza kufundisha kwa sauti ya juu ili aushinde mngurumo. Roy Kerr wa New Zealand ndiye aliyepata jibu la milinganyo ya Einstein ya mvutano kwa shimo linalozunguka, mwaka 1963. Nje kidogo ya mpaka ambao kitu kikishauvuka hakirudi, kuna eneo liitwalo ergosfia. Ukiwa humo huwezi kutulia hata uwe na injini ya namna gani. Lazima uzunguke na shimo, ila kutoka nje bado inawezekana. Mwaka 1969 Roger Penrose alionyesha kwamba ndani ya eneo hilo chembe ikisukumwa kinyume cha mzunguko inaweza kuwa na nishati hasi, kwa hesabu ya mtu aliye mbali. Chembe ya namna hiyo haiwezi kutoka. Inatumbukia.

"Sasa niambieni, ukimwongezea mtu deni, mali yake inakuwaje?"

"Inapungua," alijibu jirani yangu, polepole, na nikaona uso wake unabadilika.

Nami nilielewa papo hapo. Chembe moja inapotumbukia na nishati hasi, shimo linapungua uzito na mzunguko wake unapungua kasi. Kilichopungua ndicho kinachoondoka na ile nyingine. Hakuna kilichoumbwa. Mara 14 yote imetoka kwenye mzunguko wa shimo, na akiba hiyo ni kubwa mno: shimo linalozunguka kwa kasi ya mwisho limeweka humo hadi asilimia 29 ya nishati ya uzito wake wote. Haidrojeni ikiungana kuwa heliamu, kazi inayoliwasha Jua, hutoa asilimia 0.7 tu. Sijawahi kusikia hesabu ya fizikia iliyonisisimua kuliko hiyo.

Jirani yangu hakuishia hapo. "Na mzunguko ukiisha?"

"Ergosfia inatoweka. Hapo huchoti tena."

Ndani ya basi alitoa kalamu akaanza kukokotoa: shimo lenye uzito wa Jua kumi lingebakiwa na angalau Jua saba na kidogo. Mimi nilishikilia kwamba migongano ya mara 14 ingelimaliza haraka zaidi. Yeye alisema hapana, ni chache mno zinazopata pembe inayofaa. Tulifika Uyole bado tunabishana, na Mwalimu amegeuka kwenye kiti chake anatusikiliza.